MBUZI HULA PALE ALIPOFUNGWA: NANI HUMFUNGA POLISI MPYA?



Katika Kongo nzima kuna msemo unaojulikana kwa mkubwa na mdogo: mbuzi hula pale alipofungwa. Karani anayedai matabishi kabla ya kupiga muhuri hutumia msemo huu. Askari polisi anayesimamisha baiskeli ya mchuuzi wa makaa njiani huutumia pia. Kila mmoja hujitetea kwa mbuzi. Husema: nimefungwa hapa, mnataka nikale wapi?

Leo sisi hatutaki kumwuliza mbuzi. Mbuzi ameulizwa sana, ametukanwa sana, na hajaacha kula. Leo twataka kumwuliza mwenye kamba. Nani humfunga mbuzi? Kwa nini mbuzi mmoja hufungwa penye majani mabichi, na mwenzake hufungwa juu ya mwamba pasipo na jani hata moja? Na yule wa mwambani akikata kamba na kuingia shamba la mjane, kosa ni la nani?

Maana yetu ni hii. Kila mara kundi la polisi vijana linapomaliza mafunzo, hugawanywa. Wengine hubaki Lubumbashi, wengine hupelekwa mpakani Kasumbalesa, wengine kwenye njia za migodi, na wachache hupandishwa gari kuja kwetu Mitwaba. Siku hiyo moja ya kugawanywa huamua nani atalindwa na nani atasahauliwa. Lakini raia hajui kanuni ya mgawanyo huo, na polisi kijana mwenyewe haijui. Sisi twasema: kituo cha polisi mpya kipangwe kwa kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, ili kila mtu aisome. Hilo ndilo neno letu, na yote yanayofuata ni ushahidi wake.

MWENYE SEPETU NA MWENYE BUNDUKI

Wengi wetu tunafanya kazi migodini, na kalamu iandikayo maneno haya ni kalamu ya karani. Karani hujua jambo moja: mtu asiyeandikwa ni kama hayupo. Siku kijana anapoajiriwa mgodini, jina lake huingia katika daftari. Hupewa namba. Huandikwa kazi yake, kapita wake, na zamu yake, ya asubuhi, ya mchana au ya usiku. Orodha ya zamu hubandikwa penye lango, na kila mtu huisoma. Asiyejua kusoma humwomba mwenzake amsomee. Mtu akiwekwa zamu ya usiku mwezi baada ya mwezi, wenzake huuliza: kwa nini huyu kila siku usiku? Kapita hana budi kujibu, maana karatasi iko ukutani na macho ya watu yako juu yake.

Hatusemi kwamba mgodi ni paradiso. Tunajua mishahara yetu na tunajua vifua vyetu. Lakini orodha iko ukutani. Mtu mwenye sepetu ameandikwa mahali pake. Je, mtu mwenye bunduki?

Kijana hutoka Kamina, au Kasenga, au Kananga, huingia shule ya polisi. Hufundishwa kupiga mguu, hufundishwa sheria na silaha. Siku ya mwisho husimama mstari mmoja na wenzake, wote wamevaa sawa, wote wameapa kiapo kimoja. Kisha majina husomwa, na usawa huishia hapo. Amri hutoka Kinshasa, hushuka kwa Komiseri wa jimbo, kutoka jimbo hushuka mjini au katika teritware, kutoka teritware hufika kituo kidogo cha kijijini. Katika kila ngazi kuna mkono unaoweza kusukuma jina huku au kule. Twauliza: mkono huo huongozwa na nini? Na alama alizopata kijana shuleni? Na lugha anazozijua? Na hesabu ya raia wanaohitaji ulinzi? Au na simu ya mjomba?

Watu husema kwamba kuna vituo vinono na vituo vikavu. Husema kwamba kituo kinono hutafutwa kwa bahasha, na kituo kikavu ni cha mtoto wa maskini au cha mtu aliyemkosea mkubwa wake. Sisi hatumtaji mtu, wala hatumhukumu mtu pasipo ushahidi. Lakini twawaambia wakubwa: ikiwa maneno haya ni uongo, dawa yake iko mikononi mwenu, nayo haina gharama. Bandikeni orodha. Uongo hufa mbele ya karatasi.

Na ikiwa si uongo, hebu tufikiri pamoja. Mtu aliyetoa pesa ili apate kituo, atazirudisha kwa njia gani? Hatazirudisha kwa mshahara. Atazirudisha kwetu. Katika mwaka 2015 wachunguzi wa elimu walifuata kazi ya polisi wa barabarani huko Kinshasa, wakaeleza jinsi wakubwa wa vituo walivyowapa askari wao hesabu ya magari ya kuleta kituoni kila siku. Basi yule dereva aliyekamatwa pasipo kosa alidhani amekutana na polisi mbaya. Hakujua kwamba polisi naye alikuwa na deni la kupeleka juu. Ndiyo maana twasema kwamba kumtukana polisi wa njiani peke yake ni kupiga kivuli. Shina la ugonjwa ni namna anavyowekwa pale alipo, na namna anavyobakizwa pale.

BULA MATARI ALIVYOWAGAWANYA ASKARI

Jambo hili halikuanza jana. Lina baba na babu.

Jeshi la Force Publique lilianzishwa na mfalme Léopold II wa Ubelgiji, naye tangu miaka ya kwanza alitafuta askari wa mbali: watu wa Zanzibar, Wahausa wa Afrika ya Magharibi. Kwa nini hakuwataka wenyeji? Kwa sababu mgeni hamwonei mtu huruma: hana mjomba kijijini, hana shemeji sokoni. Baadaye walipoandikishwa Wakongo wenyewe, askari wa Luluabourg waliasi mwaka 1895, na maasi mengine yakafuata. Bula Matari akapata fundisho lake: usiweke watu wa kabila moja pamoja, na usimwache askari karibu na nyumba ya mama yake. Askari wakachanganywa, wakapelekwa mbali na kwao. Wakapewa Lingala kuwa lugha ya amri, hata katika nchi ambako mwanamke sokoni hajui Lingala.

Mtu mwenye haki atasema: kuchanganya watu si vibaya. Ni kweli, nasi twakubali. Lakini angalieni nia. Bula Matari hakuwachanganya ili wajifunze kuishi kama ndugu. Aliwachanganya ili akiwaambia pigeni, wapige. Kituo cha askari kilipangwa kwa faida ya mwenye kuamuru, si kwa faida ya mwenye kulindwa.

Na hapa Katanga kulikuwa na jambo la zaidi. Tangu mwaka 1900 hadi mwaka 1910 nchi hii ilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, na halmashauri hiyo ya wenye biashara ilikuwa na polisi yake yenyewe. Fikirini: wenye biashara ndio walioamua askari asimame wapi. Alisimama penye mali yao.

Matunda yake tuliyaona mwezi wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, kwa kuwa vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu na kazi imezidi. Tarehe 9 Desemba, katika kiwanja cha mpira cha Élisabethville, Force Publique ikafyatua risasi juu ya wafanyakazi wasio na silaha. Makumi ya watu walikufa. Mmoja wao alikuwa Léonard Mpoyi, karani, aliyewasemea wenzake. Askari waliofyatua risasi walikuwa Waafrika kama wale waliouawa. Lakini jeshi lao lilijengwa hivi kwamba askari asiwe na jirani. Mtu asiye na jirani ni mwepesi wa kufyatua.

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, jeshi hilo lilikuwa na askari karibu 25,000, na hakuna Mkongo aliyekuwa ofisa kamili. Kabla ya wiki moja kwisha askari wakaasi. Tangu hapo majina yamebadilika mara nyingi. Mwaka 1966 iliundwa polisi ya taifa. Mwaka 1972 Mobutu aliivunja akaitia ndani ya Gendarmerie. Mwaka 1984 ikaongezwa Garde Civile. Baada ya 1997 jina la polisi likarudi, na sasa tunayo Police Nationale Congolaise. Kofia zimebadilika, rangi za nguo zimebadilika. Lakini namna ya kumpangia kijana kituo chake imebaki gizani kama zamani.

MITWABA SI GEREZA LA POLISI

Tuje kwetu. Teritware ya Mitwaba ina kasiterite, ina koltani, ina dhahabu. Ni mojawapo ya teritware sita za jimbo la Haut-Katanga tangu Katanga ilipogawanywa majimbo manne mwaka 2015. Lakini ukimwambia polisi kijana huko Lubumbashi kwamba anapelekwa Mitwaba, hushika kichwa kama mtu aliyehukumiwa. Njia ni mbaya, na wakati wa mvua magari hulala katika matope. Nyumba ya kumpokea ni shida kuipata. Mshahara hukawia. Kwa hiyo Mitwaba imepata jina la mahali pa adhabu.

Sisi twauliza: tumemkosea nani? Ikiwa polisi analetwa kwetu ili aadhibiwe, basi anayeadhibiwa ni raia. Mtu aliyefika kwa uchungu huhesabu siku za kuondoka. Hajifunzi njia, hajifunzi majina ya watu, hajui yupi mwizi na yupi mwenye mali. Anajua tu kwamba ametupwa, na mtu aliyetupwa hujitafutia. Ndipo kizuizi cha kamba hutokea njiani, na mama mwenye kichwa cha mihogo huambiwa alipe.

Wala Mitwaba si mahali pa kuchezewa. Wazee kwa vijana wanakumbuka kwamba nchi ya kati ya Manono, Mitwaba na Pweto iliitwa pembetatu ya kifo. Wanakumbuka jinsi vijiji vilivyochomwa na watu wakakimbilia mjini Mitwaba kwa maelfu miaka ya 2005 na 2006. Mkuu wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha hapa hapa Mitwaba mwezi wa Mei 2006. Mwaka 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kwa makosa dhidi ya utu. Mwezi wa Septemba 2011 alitoroka gereza la Kasapa Lubumbashi pamoja na mamia ya wafungwa. Mwezi wa Oktoba 2016 alitoka tena porini katika teritware yetu, na mwezi wa Machi 2020 akatoweka tena kutoka Lubumbashi.

Katika miaka hiyo yote, nani aliyekuwa karibu na mwanakijiji usiku? Jeshi lilikuja na kuondoka, na watu waliumizwa na pande zote mbili. Kinachozuia moto kabla haujawaka si kikosi kinachokuja baada ya kijiji kuwa majivu. Ni polisi anayekaa pale, anayejua kwamba kijana fulani ameacha shule na ametembelewa na wageni wa porini, anayeaminiwa na chifu na akina mama kiasi cha kuambiwa habari mapema. Polisi wa namna hiyo hapatikani kwa adhabu. Hupatikana kwa kuchaguliwa vizuri, kwa kukaa miaka inayojulikana, na kwa kuheshimiwa.

POLISI WA NANI PENYE LANGO LA MGODI?

Kuna jambo ambalo ninyi wafanyakazi mnaliona kila asubuhi. Penye lango la mgodi polisi wapo. Serikali ina kikosi maalum, Polisi ya Migodi na Hidrokaboni, nacho ni sehemu ya polisi ya taifa. Sisi hatupingi mgodi kulindwa. Madini yakiibwa, mshahara wetu nao huibwa. Lakini tembea kutoka lango la mgodi hadi kijiji cha wachimbaji wadogo, hesabu polisi njiani, kisha jiulize: je, wamegawanywa kwa hesabu ya watu au kwa hesabu ya mawe?

Tena twauliza: polisi aliyewekwa penye mgodi akilishwa na kampuni, akilazwa na kampuni, akipewa posho na kampuni, siku mfanyakazi na kampuni watakapogombana atasimama upande gani? Mkono unaolisha hauumwi. Tulikwisha kuona mambo ya polisi wa wenye biashara tangu mwaka 1900. Hatutaki yarudi kwa mlango wa nyuma.

Wasituambie kwamba Serikali haina njia nyingine. Kanuni ya madini, kama ilivyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawanya ushuru wa madini hivi: sehemu 50 katika mia ni ya Serikali kuu, 25 ni ya jimbo, 15 ni ya mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 ni ya mfuko wa vizazi vijavyo. Basi katika kila franka mia za ushuru huo, 90 hupita katika mifuko ya Serikali, ya jimbo na ya mamlaka yetu hapa. Je, katika hizo 90 hakuna matofali ya nyumba nne za polisi Mitwaba? Hakuna bati? Polisi akilala katika nyumba iliyojengwa kwa ushuru, anajua kwamba amelazwa na raia wote. Akilala katika nyumba ya kampuni, anajua amelazwa na nani.

WATAKAOTUPINGA

Tunajua maneno watakayotujibu. Tuyajibu mapema.

Watasema: mambo ya polisi ni siri ya usalama. Tunajibu: hatukuomba kujua silaha ziko ngapi, wala doria itapita saa ngapi. Tumeomba kujua kanuni. Kusema kwamba kila polisi mpya atakaa miaka fulani katika kituo cha mbali kisha atapata haki ya kuhama, hilo si siri inayoweza kumsaidia adui. Linamuumiza mla bahasha peke yake.

Watasema: ninyi mnataka polisi wa kabila lenu. Hapana, na tunasema hapana kwa sauti kubwa. Sisi hatujasahau miaka ya 1992 na 1993, wakati majirani zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala na watoto penye vituo vya treni wakingoja kuondoka, na hawakulindwa. Mji ule ungekuwa na polisi wa kabila moja, wangefungiwa wapi? Polisi na atoke Boma, na atoke Bunia, na atoke Kananga. Akija kwa kanuni ya haki ni ndugu yetu. Tunachotaka ni kwamba asemeshwe lugha yetu. Katiba, katika kifungu chake cha kwanza, imetaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kijana anayepangiwa Mitwaba na afundishwe Kiswahili kabla hajapanda gari, na akifika ajifunze salamu za Kiluba. Mama aliyeibiwa hawezi kushtaki kwa lugha asiyoijua.

Watasema: nchi iko vitani. Ndiyo, tunajua. Ituri na Kivu Kaskazini zilitiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Goma ilianguka mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari. Moyo wetu uko pamoja na ndugu zetu wa mashariki. Lakini vita si sababu ya kuficha orodha ya vituo. Mwenye nyumba inayoungua ndiye hasa anayepaswa kujua kila ndoo iko wapi.

Wengine watacheka na kusema: kifungu cha 15, jitafutieni. Huu ni mzaha wa zamani, na umetuua. Sisi tunawasomea kifungu kingine, kile kilichomo kweli katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 183 kinasema kwamba polisi ya taifa haina siasa, iko katika utumishi wa taifa la Kongo, na kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Kifungu cha 184 kinaiweka chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali ilipo. Basi tukiuliza kwa nini polisi wetu ni wachache, au kwa nini huyu amehamishwa baada ya miezi mitatu, hatufanyi maasi. Tunasoma Katiba. Bwana Administrateur wa teritware akiulizwa, asituambie kwamba hilo ni la Kinshasa.

TUNAYODAI

Ipo sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 juu ya muundo wa polisi ya taifa, na ipo sheria ya tarehe 1 Juni 2013 juu ya utumishi wa polisi wa kazi. Hatudai sheria mpya iandikwe kwa miaka kumi. Tunadai mambo matano yanayoweza kufanywa chini ya sheria zilizopo.

Kwanza. Siku ya kumaliza mafunzo, alama za kila kijana zibandikwe shuleni, na vituo vilivyo wazi vibandikwe kando yake. Mwenye alama za juu achague kwanza katika nusu ya vituo. Nusu ya pili igawanywe kwa kura mbele ya macho ya wote. Kura haina mjomba.

Pili. Kituo cha mbali kiwe na muda unaojulikana. Polisi aliyetumikia Mitwaba, Pweto au Sakania muda wake wote kwa uaminifu awe na haki ya kuchagua kituo kinachofuata. Hapo Mitwaba haitakuwa tena adhabu, itakuwa ngazi.

Tatu. Mtu asihamishwe kabla ya muda wake pasipo sababu iliyoandikwa. Polisi mwema anayemkamata mwizi mwenye jina kubwa huhamishwa usiku, tunayajua hayo. Barua ya sababu itamlinda.

Nne. Polisi asipelekwe kituo kisicho na nyumba. Jimbo na mamlaka ya mahali waonyeshe kwa raia ni kiasi gani cha ushuru wa madini kimetumika kwa nyumba hizo. Na penye lango la mgodi, polisi alipwe na Serikali peke yake.

Tano. Mamlaka ya kuhamisha yasibaki katika mkono mmoja. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliunda Tume ya Taifa ya Utumishi wa Polisi, wakaipa kazi ya kuamua vyeo na uhamisho. Ndani yake wameketi wakubwa wa polisi, lakini pia polisi waliostaafu na raia wenye sifa njema, na mjumbe mmoja lazima awe mtu anayestahili kuwa jaji. Hatusemi Kenya imekuwa mbinguni. Tume na Inspekta Jenerali wamegombania mamlaka yao hadi mahakamani. Lakini angalau wanagombana mchana, mbele ya jaji, na raia anasikia. Kwetu wanagombana gizani, na raia anasikia mlio wa bunduki tu.

Ndugu wafanyakazi, haya si mambo ya wakubwa peke yao. Kijana wako anaweza kesho kuingia polisi. Je, unataka aanze kazi yake kwa kukopa pesa za bahasha? Unataka afundishwe heshima miezi kadhaa, kisha siku moja afundishwe kwamba heshima haina bei? Na wewe unayerudi zamu ya usiku, unataka kukutana njiani na mtu wa namna gani mwenye bunduki?

Basi tufanye hivi. Maneno haya yasomwe katika kila mkutano wa tawi, katika kambi na katika mji. Asiyejua kusoma asomewe. Kila tawi lichague watu watatu, mmoja wao mwanamke, waende kwa Bwana Administrateur kwa adabu, mchana, na barua mkononi, waulize maswali mawili tu: teritware yetu ina vituo vingapi vya polisi, na kwa kanuni gani polisi wapya hupangiwa vituo hivyo? Majibu yaandikwe, na tarehe iandikwe. Wakikataa kujibu, kukataa nako kuandikwe. Mwezi ujao warudi tena. Tusitupe jiwe, tusimtukane polisi yeyote, maana yeye naye amefungwa kwa kamba asiyoijua mwenyewe.

Bula Matari aliwagawanya askari ili raia waogope. Taifa huru huwagawanya polisi ili raia walale. Tofauti ya mambo hayo mawili ni karatasi moja, iliyoandikwa vizuri, iliyobandikwa ukutani.

Twaingoja karatasi hiyo. Na tukiingoja, hatutanyamaza.